Mizani ya Harrilall

Kilikuwa kilima, nyuma ya kinu,
pumba za mpunga, rangi ya chai ya mwisho wa mwezi,
zikirundikwa tangu sijaota meno ya pili.
Kila Oktoba Harrilall alizitia moto
na Mibicuri nzima ikakohoa kwa zamu:
sisi asubuhi, wa ng'ambo ya mfereji jioni,
kutegemea upepo umeamkia wapi.
Baba ndiye aliyeuchokoa ule moto kwa uma,
miaka kumi na tisa.
Leo kifua chake hulia kama bawaba.

Kwetu Berbice bahari iko juu kuliko kitanda.
Nyumba husimama kwa miguu ya mbao,
na mbao zikioza, nyumba hupiga magoti.
Yetu ilipiga magoti mwezi wa Mei.
Mfuko mmoja wa saruji
ulikuwa siku nne za baba, bila kula.

Nikaenda kinuni na mkokoteni wa punda.
"Chukua," akasema Harrilall, "chukua zote,
unaniondolea adha. Ilikuwa nikulipe."
Hakunilipa.

Tofali la kwanza: udongo mwingi, likapasuka.
La pili: pumba nyingi,
likamomonyoka kiganjani kama mkate wa juzi.
La tatu aliligugunda mbuzi wa Teekah.
La nne nilitia jivu la pumba zile zile,
na saruji kiasi cha chumvi kwenye mchuzi,
nikalizamisha ndani ya ndoo
nikakaa kando yake usiku kucha.
Alfajiri lilikuwa bado tofali.

Mama akasema: Silali ndani ya taka.
Hata kuku, akasema, huchagua.
Nikamwambia: Mama, pumba ni koti la punje.
Miezi minne mvua na jua vililipiga
na mchele haukulowa. Litatushindwa sisi?
Akanyamaza wiki mbili.
Mama akinyamaza, hiyo ni ndiyo yenye haya.

Matofali mia tisa na arobaini.
Niliyahesabu mimi
kwa kuwa baba alitaka kuyahesabu
na pumzi yake iliishia ishirini.

Kisha akaja Bhagmattie na beseni,
akaja Oudit na toroli, na shemeji zake,
kilima kikashuka, kikashuka,
mpaka siku moja tukaona ng'ombe upande wa pili.
Hatukuwa tukijua kuna ng'ombe.

Ndipo Harrilall akaweka mizani langoni.
Kisicho na mwenyewe kikipata kazi,
hupata na mwenyewe.
"Biashara ni biashara," akasema,
akipangusa sahani ya mizani kwa leso safi.
Nilisimama na punda wangu.
Nilitaka kumuuliza na moshi aliupima kwa nini,
gunia ngapi kwa miaka kumi na tisa,
na risiti alimwandikia nani.
Sikuuliza. Baba alikuwa bado anamdai
mshahara wa wiki mbili.
Nikalipa magunia matatu,
ukuta wa mwisho.

Baba hulala chumba hicho. Jua la saa nane
hubisha nje, halifunguliwi.
Huweka kiganja ukutani kabla ya kulala.
"Hizi," husema, "tunafahamiana."

Mvua za Juni zilipotulia,
ukuta wa magharibi, kimo cha goti,
kilitokeza kitu cha kijani, chembamba kama sindano:
punje moja iliyoponyoka meno ya kinu
ikaingia tofalini nzima nzima, ikangoja.
Nilitaka kuing'oa, niziba.
Mama akanipiga kofi la mkono.
Yeye aliyekataa taka
huimwagilia sasa, kikombe asubuhi,
kikombe akikumbuka.

Jana Harrilall alipita kuangalia nyumba.
Akagonga hapa, akagonga pale,
akainama, akavaa miwani,
akakitazama kile chipukizi kwa muda mrefu.
Mama alimletea chai, akamkaribisha kiti.
"Na mizani," akamuuliza,
"umekuja nayo?"