Mkunga wa Njiru

Fomu ina safu mbili tu: MWENYEJI na MGENI.
Nimeajiriwa miezi mitatu kuzijaza,
mimi na Muthengi, na wavu wa matundu madogo,
na ndoo iliyowahi kuwa ya rangi ya ukuta.
Saa kumi na mbili na robo. Mto Nairobi unapita Njiru
mweusi kama chai iliyosahaulika jikoni,
umebeba povu la nguo za mitaa kumi.

Gugumaji halihitaji wavu.
Limetanda ukingo hadi ukingo,
maua ya zambarau yamesimama kama wageni wa arusi
ambao hakuna aliyewaalika, na bwana arusi anaona haya kuwatoa.
Muthengi asema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe tulimpa, namjibu.
Alilima. Sasa shamba ni lake.

Wavu wa kwanza: gapi arobaini na saba,
kila mmoja kama ukucha, mikia yenye madoa.
Hawa waliletwa wale viluwiluwi vya mbu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone!
Mbu ananiuma sasa hivi, nyuma ya sikio,
na gapi wanazaana katika maji
ambayo mimi singeoshea viatu.

Wavu wa pili: kamba mwekundu, magando juu,
anamtishia kidole changu gumba kama kanjo na kibanda.
Naye aliitwa kwa kazi, konokono wa kichocho.
Kazi ilipokwisha hakuuliza njia ya kurudi.
MGENI, mmoja.
Muthengi aongeza pembeni, kwa penseli: na hasira.

Safu ya pili bado nyeupe.
Ningependa kuandika kaa wa mawe.
Ningependa kuandika vile visamaki vya fedha vyenye ndevu
vilivyolala katika chupa ghalani kwetu tangu kabla sijazaliwa,
lebo yao, wino umefifia: *Chiromo, chini ya daraja.*
Nimewahi kusimama chini ya daraja lile.
Nilihesabu chupa pia, lakini za plastiki.

Wavu wa tatu ulikuwa mzito. Tulidhani tairi.
Kisha tairi likajikunja.

“Mkunga!” nikapiga kelele,
na watoto waliokuwa wakichambua chuma ng'ambo wakacheka.
“Mkunga ni Bi. Syombua, mabati ya bluu!
Kwani nani anajifungua?”
Kanini akatoka mbio, akaenda kumwita kweli.

Akaja, leso kiunoni, mikono inanuka dawa,
akainama juu ya ndoo, akamtazama wajina wake.
“Katoka wapi huyu?”
Nikamweleza: kazaliwa baharini, kilindini,
akaingia Sabaki akiwa uzi wa kioo.
Sabaki ikawa Galana, Galana ikawa Athi,
maporomoko aliyapanda usiku, kwa tumbo.
Akikomaa atateremka njia ile ile,
azae mara moja, basi.
“Na hapa?”
Hapa anakaa tu. Anakula. Anakua.
Bi. Syombua akacheka mpaka akashika mgongo.
“Basi ni mpangaji! Kwao ni kwingine,
kama wote ninaowazalishia watoto ploti ile.
Mnamwandika wapi?”

Muthengi akanitazama. Nikajua jibu la kitabu,
nikaandika MWENYEJI, mmoja,
na kalamu ikachafua karatasi kwa ute.

Kumrudisha ndiyo ilikuwa kazi.
Mara nne nilimshika, mara nne akaniponyoka,
ndoo ikapinduka, gapi wakarukaruka kwenye tope.
“Ondoka,” Bi. Syombua akaniambia,
si kwa ukali,
kama anavyowaambia waume mlangoni.
Akapiga magoti pale gugumaji lilipoacha upenyo,
mkono mmoja chini ya shingo, mwingine nyuma,
bila kukaza,
akamgeuza kichwa kitangulie.
“Haya, mwanangu,” akasema. “Polepole. Toka.”