Uwe Mzito

Kanyaga, anasema Mkhitar akiwa chini ya gari.
Nimekanyaga.
Shikilia.
Nimeshikilia.
Anafungua niple kwa spana namba kumi,
na katika mpira mwembamba uliozamishwa kwenye kopo la jamu
hakitoki kitu. Si tone, si povu.
Ng'o.

Siku ya tatu hii. Gavar kumeganda,
mlango wa gereji umeshikwa na barafu kwa chini,
na Niva ya baba, ya mwaka themanini na tatu,
imenyanyuliwa juu ya vigogo,
magurudumu ya nyuma yakining'inia
kama miguu ya ng'ombe aliyeinuliwa kwa kamba.

Mbele hakukuwa na neno. Mbele mafuta yalikuja
mara ya pili tu ya kukanyaga, safi, ya rangi ya chai.
Kiburi kiko nyuma.

Niple tumezichokoa kwa sindano ya kushonea magunia.
Mpira wa juu ya ekseli, uliovimba kwa ndani
kama koo lenye mafindofindo, tumeubadilisha.
Silinda kuu ni mpya, imekuja na basi kutoka Yerevan
ikiwa imefungwa ndani ya soksi.
Bado.
Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Sawa. Haba yenyewe iko wapi?

Mkhitar anatupa spana. Inagonga ndoo, ndoo inalia.
Liuze, shemeji. Kuna mtu Martuni ananunua vyuma kwa kilo.

Anaenda kuvuta sigara. Mimi nalala palepale alipolala,
kadibodi bado ina joto la mgongo wake.
Tochi mdomoni. Nafuata paipu kwa kidole,
inchi kwa inchi, kutu, tope, kutu,
hadi kwenye kile kidude cha chuma juu ya ekseli,
chenye mkono mrefu mwembamba ulioteremka.

Mafundi wa hapa wanakiita mchawi.
Kazi yake ni kupima mzigo:
nyuma kukiwa kwepesi, hubana mafuta,
gurudumu lisifunge, gari lisizunguke kwenye barafu.
Nalitazama gari lililo hewani.
Nautazama ule mkono ulioshuka mpaka mwisho.
Mchawi anadhani hatuna kitu.

Ndipo nikakumbuka gunia la unga.

Nilikuwa na miaka sita, Siranush minne.
Baba alituketisha nyuma, gunia katikati yetu,
akatuambia tusicheke wala tusishuke,
na mama mbele akikanyaga na kuachia, kanyaga, achia,
na sauti ya baba ikitoka ardhini.
Tulipewa peremende kila mmoja.
Miaka yote hii nilijua ule ni mchezo.
Nilijua alitaka tu tutulie.

Baba hakuacha maelezo. Aliacha funguo,
deni la tairi mbili, na saa isiyokubali kujazwa.

Namwita Mkhitar. Tunaishusha Niva chini,
inatua kwa kishindo, inaguna kama mtu anayekaa.
Viazi magunia matatu. Betri mbovu. Nanga ya kukokotea trekta.
Mkhitar ananitazama kama ninayeandaa mahari.
Anajikunja tena chini, safari hii kwa shida, kwa matusi,
pua yake karibu na bomba la moshi.

Kanyaga.
Nimekanyaga.
Hakuna.
Subiri, nasema. Bado kidogo.

Tatul! Toka kwenye simu, njoo.
Mwanangu anakuja na koti bila soksi,
anasimama mlangoni na mvuke wa mdomo wake.
Nifanye nini?
Panda nyuma.
Halafu?
Halafu hakuna. Kaa tu.
Uwe mzito.

Anapanda juu ya viazi, anakunja mikono, amenuna.
Springi zinashuka unene wa kidole.
Kanyaga, anasema Mkhitar.
Na kutoka chini nasikia kopo la jamu
likikohoa mara moja, jeusi, kama kahawa iliyolala,
kisha mapovu, mapovu, mapovu,
na Mkhitar akitukana kwa furaha.

Naweza kushuka? anauliza Tatul.

Bado, namwambia. Kuna gurudumu la pili.
Natafuta mfukoni kama nina peremende.
Nina risiti ya soksi, na skrubu.