Pumzi ya Farijala

Siwa ilikuwa ya mpingo, ndefu kumpita mtoto wa miaka saba,
imevishwa pete tatu za shaba, ya katikati imelegea.
Ilikaa Tongoni, darini kwa Mwinyi Hatibu,
imeviringwa kaniki, juu ya magunia ya mtama,
na panya hawakuigusa. Au ndivyo tulivyoambiwa.

Bibi alinihesabia vya kumtawazia jumbe
kama mtu anayehesabu madeni:
kilemba cha dhiraa tisa;
viatu vya mti vyenye msuruaki wa pembe
(mji mzima pekupeku, nyayo zake tu zina sauti);
mwavuli, hata mawingu yakitanda;
jambia lisilochinja hata kuku.

Siku saba hufungiwa ndani, akisingwa liwa,
akifunzwa kwenda polepole,
kucheka bila meno, kutojikuna mbele za watu.
Ya nane hutoka mtu mwingine mwenye jina jipya.
La zamani ukilitaja, mbuzi.

Ila siwa isipolia, alisema Bibi,
kilemba kile ni cha ukoka.
Na siwa hailii yenyewe.

Farijala, babu wa babu yangu,
mtu wa majora mawili ya merikani na pakacha la chumvi,
ndiye aliyekuwa na kifua.
Kofia hakuruhusiwa.
Alfajiri alioga kisimani, akanywa yai bichi, akangoja aitwe.

Siku ya kutawazwa kijana wa Mwinyi Hatibu
watu walijaa, wa Kigombe, wa Mwarongo,
ubani ukafuka, kilemba kikakazwa.
Farijala akaweka mdomo kwenye tundu

akanyamaza.

Hapa Bibi huacha kuchambua mchele.
Wako wasemao alipaliwa. Wako wasemao alitokwa damu puani.
Bibi husema alikuwa anakumbuka:
Mabruki nduguye, aliyevushwa Pemba kwa deni la mtu mwingine;
mama yake, alivyokuwa akimwita kabla hajaitwa Farijala.
Joho, mwavuli, jambia, wazee na tasbihi zao,
vyote vimesimama juu ya pumzi ya mtu mmoja kichwa wazi.
Jasho likashuka chini ya dhiraa tisa.
Jogoo akawika, saa isiyo yake.

Ndipo kijana akavua viatu.
Akakanyaga mchanga wa moto, akamwendea, akainama:
"Nakuomba, Farijala bin..."
akakwama. Akageukia wazee.
Wazee wakatazama mchanga.

"Kandulu," akasema Farijala. "Bin Kandulu."

Kisha akapuliza.

Siwa yenyewe sijui iliishia wapi.
Pete ya katikati ninayo, natungia funguo za nyumba ya Ngamiani.
Asubuhi nyingine, kabla sijafungua mlango wa duka,
naileta mdomoni, natoa pumzi.
Hailii. Ni tundu tu la shaba, lina ladha ya chumvi.
Namtaja kwa baba yake,
nafungua.