Wanja wa Siku ya Upepo

Huku Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile,
upepo una msimu wake, na Novemba ndiyo kilele.
Manispaa hufunga kamba kwenye kona za uwanja
watu washike, wasipeperuke kama karatasi.
Mimi nauza vipodozi, duka la tatu kutoka kamba ile,
na tangu saa nne asubuhi naona nyuso zikiingia
zina michirizi myeusi hadi kidevuni.
Utadhani mji mzima umefiwa.

Yasna Barría aliingia Jumatatu,
koti limefungwa upogo, kifungo kimoja kimerukwa.
Akakitua kichupa chake mezani, ta!
kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.
"Hiki kinaniaibisha. Ikifika saa sita
makombo yote yako shavuni."
Nikakifungua. Nikanusa. Nikamuuliza kina umri gani.
Akahesabu kwa vidole, akaacha njiani.
"Nilikinunua tukiwa bado tunalala chumba kimoja."

Alhamisi, mahakama ya familia, ghorofa ya pili.
"Upepo ndio utakaoniliza pale mlangoni," alisema,
"lakini Nolberto atadhani ni yeye."

Nilimkalisha penye mwanga wa dirisha,
maana taa ya duka ni mnafiki.
Nikaanza na macho, uso nikauacha mtupu:
cha kudondoka kidondoke sasa,
kifutwe kabla hakijapata faundesheni ya kugandia.
Krimu? Hapana, mama, isipande huku juu.
Mafuta na wanja ni marafiki wabaya,
wakikutana hutoroka pamoja.
Poda, chembe tu, chini ya jicho,
kama unga ubaoni kabla ya kusukuma donge.
Na mswaki, usiuchokoechokoe kichupani
kama unayejaza baiskeli upepo:
hewa hukausha wanja,
na wanja mkavu hubanduka magamba.
Uzungushe, uutoe, ufute kwenye tishu
hadi uone uchungu wa kupoteza.
Mpako mmoja, mwepesi. Subiri.
Subiri tena.
(Hapa ndipo wengi huniangusha.)
Kope za chini, ziache zilivyozaliwa.

Alikuwa akitazama dari yangu yenye madoa ya maji,
nami nikaona koo lake likimeza kitu kisichoshuka.
"Usipepese," nikamwambia.
"Sijapepesa miezi saba."

Macho hayana pazia, ndiyo,
lakini yana upindo,
na mimi kazi yangu ni upindo tu;
ya chumbani siyaulizi.

Alirudi Ijumaa, mapema, kabla sijafagia.
Wanja uleule wa jana.
Alikuwa ameulalia, na haukuwa umehama hata unywele mmoja.
Nakiri, nilifurahi kwanza,
furaha ya fundi anayeona ukuta wake umesimama.

"Hakuniangalia," akasema.
"Alisaini, akachungulia simu, akashuka ngazi.
Nje nikashika kamba. Upepo ukanikamua,
yakatoka machozi ya mwaka mzima, Zunilda,
yakapita shavuni safi, hayana rangi,
na hakuna aliyejua ni ya upepo au ni yangu.
Hata mimi sikujua."

Akavua koti, akaketi kitini bila kukaribishwa.
"Usiku nimeosha kwa sabuni, nikaosha kwa maji ya moto.
Hautoki.
Ulinifundisha kuubakiza.
Sasa nifundishe kuutoa."

Nikachukua pamba, nikailoweka mafuta,
yale yale niliyomkataza,
nikaiweka juu ya jicho lililofumbwa.
Usisugue. Bonyeza tu. Hesabu hadi ishirini.

Alihesabu kwa sauti.
Akafika ishirini, akapita.
Nje mtu alikuwa akiikimbilia kofia yake.
Thelathini na moja, thelathini na mbili,
na mimi, mteja wa pili akigonga kioo,
sikumkatiza.