Kinga

Siku ya kwanza wewe ndiye uliyeomba kuingia kwetu.
Ulisimama langoni na kisanduku cha spana;
lifti ya ubalozi ilikuwa imekwama kati ya ghorofa mbili
na katibu wa tatu ndani yake, akigonga mlango kwa kiatu.
Nikakwambia, kwa Kiingereza changu kilichopigwa pasi,
ukivuka kizingiti hiki umeshatoka Washington,
hapa tunapahesabu Mongolia,
hata polisi wa jiji hubisha hodi.
Ukafuta viatu. Ukavifuta tena.
"Basi leo nimesafiri," ukasema.

Sasa zamu yangu.

Mahakamani Arlington robo saa ilitosha kutuoza.
Karani alikuwa na mafua; shahidi, dada yako Odessa,
ameegesha gari pabaya na jicho lake liko dirishani.
Tuliapa kati ya chafya mbili.
Lakini kiapo kizito, Lamar, hakikuwa kile.
Kilikuja baadaye kwa posta, karatasi moja:
Mimi, Narantuya binti Dorj,
naachilia haki zote, upendeleo wote na kinga zote
zitokanazo na kazi yangu.

Nilikuwa nazo, usinicheke.
Nilikuwa na kadi ndogo yenye picha yangu;
nikiionyesha dukani, kodi inainama, inapita pembeni.
Miaka minne sikuilipa nchi yenu hata senti ya sabuni.
Nilielea mjini kwenu kama mafuta juu ya maji,
sizami,
sichanganyiki.

Kisha balozi akaandika kwamba mimi si wake tena.
Kadi ikarudi. Pasipoti ikatobolewa tundu pembeni,
tundu dogo, la kupitisha uzi.
Kesho yake nikanunua sufuria ya dola arobaini
na mashine ikaongeza dola mbili na senti arobaini.
Nililipa kwa sarafu, moja moja, foleni ikiguna nyuma yangu.
Ulidhani nimekosea hesabu.
La. Hapo ndipo nilipojisikia mke wa mtu.

Mama akapiga simu, kwao kunakucha:
"Umerudisha pasipoti ya serikali?
Sasa nani atakukinga?"
Nikasema mtandao unakatika.
Haukuwa unakatika.
Maji nimeyavulia nguo, mama,
na kina chake sijakijua.

Daktari wa uhamiaji alinidunga sindano tatu:
ya surua, ya pepopunda, na moja niliyoisahau jina.
"Hii ni kinga," akasema, akibandika pamba.
Tulicheka garini mpaka ukaipita njia ya kutokea.
Wanavua moja, wanavisha nyingine,
na mkono ukaniuma siku mbili.

Halafu ile ofisi ya Fairfax, kapeti la kijivu, bendera kwenye kona.
Ofisa alipekua picha zetu kama mtu achambuaye mchele.
Hakuuliza tulipendana lini.
Aliuliza nani hulala upande wa dirisha.
Tukajibu kwa pamoja:
"Mimi."

Kalamu ikasimama.
Nilisikia saa ya ukutani, nikamsikia mwanasheria akimeza mate.
"Upande ni wangu," nikasema, sauti imenikauka.
"Yeye amehamia hapo tangu Februari, dari ilipoanza kuvuja.
Tumeweka ndoo. Ndoo hukinga.
Ikijaa usiku, hukinga bega lake."
Hukuinua macho. Ulikuwa unakwangua grisi chini ya ukucha,
kama mtu aliyefumaniwa.
Ofisa akaandika, akaandika,
marefu kuliko maneno niliyosema.

Wiki ya kumi na moja hii.
Kisanduku cha barua kina matangazo ya piza
na bili ya umeme yenye majina yetu mawili,
lako limekosewa herufi.
Fundi wa dari amesema Jumatatu; hakusema Jumatatu ipi.

Mvua imeanza tena.
Nasikia tone, tone, halafu kimya.
Ndoo imejaa, Lamar.
Sogea huku,
au mimi nije huko.