Maji Yanang'ata

Mtoto ndiye aliyesema kwanza, tukamcheka.
"Mama, maji yanang'ata."
Tukuyu, mwezi wa Juni, ukungu umelala hadi kizingitini,
nani asiyeng'atwa na maji?
"Baridi hiyo," nikamwambia,
nikaendelea kumsugua masikio.

Hadi asubuhi niliyoingia bafuni pekupeku,
sakafu mbichi, mkono kwenye koki,
kitu kikanipanda hadi kiwikoni
kama sisimizi elfu wanaokimbia mvua.
Baridi haitetemi hivyo.
Baridi haina haraka.

Akaja Fundi Subilaga na begi lake la turubai,
mwanamke mfupi, buti za mpira,
salamu moja tu, kisha anapima.
Ncha moja kwenye koki, ncha ya pili sakafuni:
volti arobaini na tatu.
"Hita yako imechoka, inavujisha.
Hilo kosa dogo.
Mimi nauliza, umeme uliovuja
mbona haukuondoka?"

Akazunguka nyumba, akapiga magoti kwenye matope ya migomba,
akafukua kwa bisibisi.
Waya wa ethi wa marehemu baba mkwe ulikuwepo,
umefungwa kwa heshima kwenye bomba la chuma.
Na bomba la chuma likaenda hatua mbili
likaishia kwenye plastiki nyeusi,
ile waliyoilaza watu wa maji mwaka juzi
nasi tukashangilia presha.

"Unaona?" akasema.
"Waya wako umeshika mkono wa maiti."

Usiku huo nilihesabu
ni mara ngapi nimemwogesha Lugano tangu mwaka juzi.
Nilifika mia nne, nikaacha.

Kesho yake akazamisha fimbo ya shaba
pale chini ya migomba pasipokauka hata Septemba,
akavuta waya wa kijani wenye mstari wa njano,
mnene kama penseli.
Bomba la maji, pale linapoingia nyumbani,
akalikwangua rangi mpaka chuma kikacheka.
"Klampu haishiki juu ya blanketi."
Kisha akaingia jikoni,
akaligusa bomba la gesi litokalo mtungini, nje ya ukuta,
hadi jiko ninalokaangia maandazi ya shule.

"Na hilo?"
"Na hili. Karibu na mlango wake, kabla halijagawanyika.
Ila sikia: gesi unaifunga na wenzake, huitegemei.
Usiifanye mzizi wa nyumba.
Hapo utakuwa umeialika cheche mezani."

Nikashindwa kunyamaza.
Vitu vya hatari, si huwa tunavitenganisha?

Akanielekeza dirishani, kwenye nguzo.
"Yule ndege amesimama juu ya umeme, hafi.
Miguu yake yote miwili inasikia neno moja.
Nyumba huua inaposema maneno mawili:
bomba linasema hili, sakafu inasema lile,
na wewe katikati, mkalimani.
Mkalimani ndiye anayeungua."

Akakaza skrubu ya mwisho, akavuta waya kwa nguvu zote,
akavuta tena, kama asiyeuamini mkono wake.
Akakata kipande cha bati kwenye kopo la rangi,
akaandika kwa msumari:
WAYA WA USALAMA. USIFUNGUE.
"Mafundi bomba hawasomi," akasema,
"lakini watoto husoma."
Lugano akasoma, silabi kwa silabi,
akakwama kwenye *sala*, akavuka.

Hita alikwisha kuing'oa, imelala uani
kama kuku aliyekufa kwa kideri.
Nikahesabu noti, *ndaga fijo*, nikamfungia na viazi.
Alikuwa anavaa koti
mtoto alipofungua koki, akaruka nyuma:
"Bado yanang'ata!"

Begi likafunguliwa upya. Ncha kwenye koki, ncha sakafuni.
Tukasubiri namba, sote watatu,
pumzi zetu zikitoka kama moshi.

Sifuri.

"Hiyo," akasema Subilaga, "sasa ndiyo baridi."