Pindo la Akiba

Kila Januari nafumua pindo la sketi ya Minza.
Wembe unapita, uzi unakatika tik, tik,
na pale kitambaa kilipokuwa kimejificha
unajitokeza mstari wa buluu iliyokoza,
buluu ya dukani bado,
jua la Igogo halijawahi kuigusa.
Kidato cha kwanza mstari, cha pili mstari, cha tatu.
Mwaka huu nimefumua nikakuta ukingo.
Basi. Hakuna tena.

Mimi ni fundi. Mlima huu wote nimeupima:
mabibi harusi, wanakwaya, mzee Maduhu na kitambi
anachoapa kila mwaka kwamba kimepungua.
Wote wamo katika daftari hili lenye mafuta ya cherehani.
Wanangu sikuwaandika.
Nilidhani nawajua kwa macho.

Maji hutoka saa tisa usiku, kwa saa mbili tu,
na siku hizi Luhende huamka kabla sijamvuta shuka.
Namsikia akiburuta ndoo juu ya mwamba,
akikohoa kikohozi kizito
nusura niitikie, "Karibu, mzee."
Sauti hiyo imeingia lini nyumbani kwangu?
Juzi tu ilikuwa ikililia kichwa cha sato.

Kichwa cha sato, hiyo kesi haijaisha.
Samaki mmoja, kichwa kimoja, mawakili watatu.
Limi anadai jicho la kulia, anasema aliahidiwa.
Minza anajitoa: yeye hali vichwa tena, vinanuka ziwa.
Umeme unakatika.
Unaporudi, kichwa hakipo,
na anayejifuta mdomo ni Minza.

Mama yao hurudi asubuhi kutoka zamu ya usiku Bugando,
anawakuta mlangoni na mabegi.
Anawagusa paji la uso mmoja mmoja
kana kwamba bado yumo wodini.
Jumanne nikaona: Minza anainama ili afikiwe.
Mguu wangu ukasimama kwenye pedali.

Jioni nikamuuliza mke wangu, "Umeliona lile?"
"Tangu Agosti," akasema. "Wewe unaangalia nguo."

Kuna jambo sijamwambia mtu.
Mwezi wa tatu nilimfokea Luhende mbele ya wateja
kwa ajili ya shilingi elfu mbili.
Hakujibu. Alitazama ziwa,
kile kipande tunachokiona hapa barazani
kati ya bati la mama Nyanzala na tangi la maji.
Siku ya tatu nikazikuta kwenye kasha la bobini,
nilikozificha mwenyewe.
Baba anaombaje radhi? Baba yangu
hakuniachia kipimo cha hilo.
Nikachukua suruali yake ya shule usiku
nikamshonea mfuko wa ndani, wenye zipu.
Asubuhi akatia mkono, akacheka:
"Sasa baba, humu niweke nini?"
Nikamtazama alivyocheka.
Nikamwambia atajua mwenyewe.

Leo nimemkatia Minza sketi mpya.
Pindo nimeliacha vidole viwili tu, kwa mazoea;
mwakani hatakuwa na haja nalo.
Ile ya zamani ni ya Limi, anaanza kidato cha kwanza.
Nakunja kitambaa kurudi kilikotoka,
mkunjo baada ya mkunjo,
na mistari ya dada yake inaingia ndani mmoja mmoja.
"Baba, imekuwa nzito chini."
Ndiyo, mwanangu. Tembea nayo hivyo hivyo.

Kisha nimefungua daftari, ukurasa mtupu,
nimetoa futi shingoni, nimeita Minza.
Amesimama wima, mikono ina unga, anapumua kwa haraka.
"Fanya upesi, baba, maji yanachemka."
Bega. Kifua. Urefu hadi goti.
Nimeandika kwa kalamu ya risasi,
nikapima tena.